Je, Wajua? Nusu Siku Juu ya Bwawa la Aswan

Je, wajua kwamba mgeni akishushwa na basi katikati ya Bwawa Kuu la Aswan, kusini mwa Misri, mara nyingi huuliza, "Bwawa lenyewe liko wapi?" Alitarajia ukuta mrefu wa zege wa kutia kizunguzungu. Anakuta barabara pana ya lami, nguzo za taa, askari wenye silaha, maji mengi upande wa kusini na mto mwembamba upande wa kaskazini. Hajapotea. Amesimama juu yake. Bwawa hili ni kilima kilichotengenezwa na watu kwa mawe na mchanga, na katikati yake kuna kiini cha udongo wa mfinyanzi kinachozuia maji kupenya.

Kilima hicho kina kimo cha mita 111 na urefu wa takriban kilomita 3.8 kutoka ukingo hadi ukingo. Chini kabisa upana wake ni mita 980, na huku juu unakopita na basi ni mita 40. Vifaa vilivyotumika, zaidi ya mita za ujazo milioni 40, husemwa kuwa vingetosha kujenga Piramidi Kuu ya Giza mara 17.

Ziara ya kawaida ya nusu siku ina vituo vitatu: bwawa, obeliski ambayo haikumalizika, na hekalu la Philae. Basi linaondoka Aswan mjini asubuhi, linapita kwenye ukaguzi, na linasimama juu ya bwawa kwa muda mfupi tu. Wengine hurudi kwenye viti vyao wakinung'unika kwamba hawakuona kitu. Ni kweli, kwa macho hakuna mengi. Ndiyo maana safu ya leo inataka upande basi hilo ukiwa umekwisha kujua unachokanyaga.

Je, wajua kwamba Aswan ina mabwawa mawili? La kwanza lilijengwa na Waingereza kati ya 1898 na 1902, kilomita chache tu kaskazini mwa hili jipya, kwa mawe ya itale ya hapo hapo. Likaongezwa kimo mwaka 1912, na tena 1933. Lakini lilikuwa na uwezo wa kuhifadhi maji ya msimu mmoja tu. Mafuriko makubwa yakija, milango ilifunguliwa na maji yakapita na tope lake. Bwawa Kuu lilikusudiwa jambo jingine kabisa: kuweka akiba ya maji ya miaka mingi, ili mwaka wa neema ulipe deni la mwaka wa ukame.

Je, wajua kwamba bwawa hili ndilo lililozusha vita vya Suez? Hapa inafaa kwenda polepole, kwa sababu waongoza watalii wengi huimaliza habari hii kwa sentensi mbili.

Mwishoni mwa 1955 Marekani, Uingereza na Benki ya Dunia walikuwa tayari kuikopesha na kuisaidia Misri ijenge. Lakini Rais Gamal Abdel Nasser alikwisha kununua silaha kutoka kambi ya Kisovieti, kisha akaitambua serikali ya Kikomunisti ya China. Tarehe 19 Julai 1956, Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, John Foster Dulles, alimwambia balozi wa Misri kwamba ahadi imefutwa. Uingereza ikafuata. Siku saba baadaye, tarehe 26 Julai, Nasser alihutubia umati mjini Alexandria. Ndani ya hotuba hiyo akalitaja jina la Ferdinand de Lesseps, Mfaransa aliyesimamia uchimbaji wa Mfereji wa Suez, na akalirudia tena na tena. Wasikilizaji wengi hawakujua kwa nini. Jina hilo lilikuwa ishara. Vikosi vilivyokuwa vikisikiliza redio vilipolisikia viliingia kwenye ofisi za kampuni ya mfereji na kuzitwaa. Hotuba ilipofika mwisho, mfereji ulikuwa mikononi mwa Misri, na Nasser akatangaza kwamba mapato yake ndiyo yatakayojenga bwawa.

Mwishoni mwa Oktoba Israel, Uingereza na Ufaransa wakaishambulia Misri. Marekani na Umoja wa Kisovieti, ambao hawakuwa na kawaida ya kukubaliana, wote wakawataka watoke. Januari 1957 Waziri Mkuu wa Uingereza, Anthony Eden, alijiuzulu. Hayo yote, kwa kiasi kikubwa, ni kwa ajili ya kilima hicho ambacho abiria mwenzako anakipiga picha moja na kukimbilia kivuli.

Je, wajua kwamba kabla hata ya vita hivyo sauti ya Nasser ilikwisha kufika pwani yetu? Radio Cairo ilianza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1954, wakati nchi zetu zote bado zikiwa chini ya bendera za wakoloni. Wazee wa Unguja na Mombasa waliokuwa na redio wanaikumbuka.

Je, wajua aliyelishikilia wazo la bwawa hili kabla Nasser hajashika madaraka? Aliitwa Adrian Daninos, mtaalamu wa kilimo, Mmisri mwenye asili ya Kigiriki. Serikali ya Mfalme Farouk haikumtilia maanani. Maofisa wa kijeshi waliompindua mfalme huyo mwaka 1952 walimsikiliza Daninos.

Na fedha zikatoka wapi mwishowe? Moscow. Mkataba wa mkopo ulitiwa saini Desemba 1958, ujenzi ukaanza tarehe 9 Januari 1960, na Mei 1964 Nikita Khrushchev mwenyewe alikuwa Aswan, bega kwa bega na Nasser, siku mto ulipogeuzwa njia. Mnara mrefu wenye umbo la ua la yungiyungi unaouona karibu na bwawa ni ukumbusho wa urafiki wa nchi hizo mbili. Nasser hakuuona mwisho. Kazi ilikamilika Julai 1970, yeye akafariki tarehe 28 Septemba mwaka huo huo, na bwawa likazinduliwa na mrithi wake, Anwar Sadat, tarehe 15 Januari 1971. Siku hiyo Nasser angetimiza miaka 53.

Je, wajua kwamba Bwawa la Julius Nyerere, kule Rufiji, limelipita Bwawa Kuu la Aswan kwa umeme? Limelipita kwa unywele tu. Aswan ina mitambo 12, kila mmoja megawati 175, jumla 2,100. Rufiji ina mitambo tisa, kila mmoja megawati 235, jumla 2,115. Kwa kimo pia Rufiji inashinda, mita 131 kwa 111. Kwa maji haisogei karibu: Ziwa Nasser likijaa lina maji mara nne au zaidi ya yale ya Rufiji.

Kuna lingine ambalo nadhani lilistahili kuandikwa zaidi magazetini mwetu. Mmoja wa makandarasi wawili wa Kimisri waliojenga bwawa la Rufiji ni Arab Contractors, kampuni iliyoanzishwa na Osman Ahmed Osman, yule yule aliyekuwa mkandarasi mkubwa wa Kimisri pale Aswan miaka ya 1960. Na jiwe la msingi la Rufiji liliwekwa na Rais John Magufuli tarehe 26 Julai 2019, siku ile ile ya kumbukumbu ya hotuba ya Alexandria.

Je, wajua kwamba Aswan ilipofikia nguvu zake kamili ilitoa karibu nusu ya umeme wote wa Misri? Leo ni sehemu ndogo tu. Si kwamba mitambo imechoka; ni Wamisri walioongezeka, na mahitaji yao pamoja nao.

Je, wajua kwamba ziwa lililo nyuma ya bwawa lina urefu wa karibu kilomita 500, kama safari ya Mombasa hadi Nairobi? Sehemu yake ya kusini imo ndani ya Sudan, na huko huitwa Ziwa Nubia. Liko jangwani, mahali ambapo mvua inaweza isinyeshe kwa miaka, kwa hiyo jua hulinyonya bila huruma: takriban mita za ujazo bilioni 10 hupotea hewani kila mwaka.

Je, wajua nani alikuwa anaishi chini ya maji hayo? Wanubi. Kijiji baada ya kijiji, pande zote mbili za mto, kutoka Aswan hadi ndani ya Sudan. Hapa msomaji wa Nairobi au Kampala asichanganye: Wanubi wa Kibera na wa Bombo ni wazao wa askari kutoka Sudan waliotumikia jeshi la Waingereza, wakiwa mchanganyiko wa makabila mengi. Wanubi wa Nile ni watu wa mto huo huo tangu enzi za mafarao, na wamewahi hata kuwatoa wafalme walioitawala Misri nzima.

Walikwisha kuhamishwa kabla ya hapo. Bwawa la Waingereza lilipojengwa, na kila lilipoongezwa kimo, mashamba na mitende ya Wanubi ilizama, nao wakajenga upya juu zaidi mlimani. Safari ya miaka ya 1963 na 1964 haikuwa na "juu zaidi" pa kwenda. Takriban watu 50,000 upande wa Misri walipelekwa karibu na Kom Ombo, kaskazini mwa Aswan, katika vijiji vilivyopewa majina ya vile vilivyozama. Nyumba zilikuwa za safu, za kufanana, mbali na mto. Idadi inayokaribia hiyo upande wa Sudan, wakiwemo watu wa mji wa Wadi Halfa, walisafirishwa mamia ya kilomita hadi Khashm el-Girba, karibu na mpaka wa Ethiopia, mahali penye mvua, kwa watu ambao hawakuwahi kujenga nyumba ya kuzuia mvua. Madai yao ya kurudi kandokando ya ziwa bado hayajaisha.

Je, wajua kwamba mawe yalipata watetezi wengi kuliko watu? Machi 1960 UNESCO ilitoa wito wa dunia nzima kuokoa makaburi na mahekalu ya Nubia. Mataifa mengi yakachanga. Mahekalu mawili ya Ramesses wa Pili kule Abu Simbel yalikatwa vipande zaidi ya 1,000, baadhi ya vipande vikiwa na uzito wa makumi ya tani, yakapandishwa mita 65 juu na kuunganishwa upya, kazi iliyomalizika 1968. Misumeno ilipita kwenye nyuso za wafalme, na leo unaweza kusimama mbele yao usione mshono. Lakini usidanganyike na brosha: Abu Simbel iko zaidi ya kilomita 250 kusini, haimo kwenye ziara ya nusu siku. Hiyo ni safari ya kuamka kabla ya alfajiri.

Je, wajua kwamba Misri ilitoa mahekalu kama zawadi? Nchi zilizosaidia kwa bidii ziligawiwa. Hekalu la Debod liko Madrid, kwenye bustani. La Dendur liko New York, ndani ya jumba la makumbusho la Metropolitan. La Taffeh liko Leiden, Uholanzi. La Ellesyia liko Turin, Italia. Sijui taifa jingine lililowahi kulipa shukrani kwa sarafu ya namna hiyo.

Philae ndiyo sehemu ya ziara ambayo watu huipenda zaidi, na wana haki. Unashuka kwenye basi, unapanda mashua, unavuka hadi kisiwani. Kisiwa hicho, hata hivyo, siyo Philae. Kinaitwa Agilkia. Philae halisi imezama. Bwawa la Waingereza lilikuwa likiifurikisha sehemu kubwa ya mwaka, na watalii wa zama hizo walipiga makasia katikati ya nguzo za hekalu. Bwawa Kuu lilipojengwa, kisiwa kikabaki katikati ya maji ya mabwawa mawili yanayopanda na kushuka kila siku, jambo ambalo lingelimaliza jiwe lenyewe. Wahandisi wakakizungushia ukuta wa chuma, wakayatoa maji kwa pampu, wakalibomoa hekalu jiwe kwa jiwe na kulijenga upya Agilkia, ambako lilifunguliwa mwaka 1980. Hata Agilkia yenyewe ilichongwa kidogo ifanane na kisiwa cha zamani.

Mwombe mwongozaji akuonyeshe Lango la Hadrian. Hapo kuna maandishi ya mwisho yenye tarehe ya zile alama za kale za Misri: tarehe 24 Agosti mwaka 394 baada ya Kristo. Baada ya hapo, kimya kwa zaidi ya miaka 1,400, hadi wanazuoni walipofumbua usomaji wake upya.

Obeliski ambayo haikumalizika? Jiwe moja la itale, urefu wa karibu mita 42, uzito unaokadiriwa kuwa zaidi ya tani 1,000, likapata ufa kabla halijang'olewa kwenye mwamba, likaachwa. Nusu saa inatosha, na uvae viatu vinavyoshika.

Je, wajua kwamba Aswan ndiyo iliyosaidia kuipima dunia? Eratosthenes, zaidi ya miaka 200 kabla ya Kristo, alijua kwamba siku ya kilele cha kiangazi jua la mchana lilikuwa utosini hapa bila kivuli, ilhali Alexandria kivuli kilikuwepo. Kwa pembe hiyo akakisia mzingo wa dunia.

Sasa turudi kwenye maji, maana kuna sehemu yake inayotuhusu. Je, wajua kwamba kabla ya ujenzi kuanza Misri na Sudan zilikaa mezani, mwaka 1959, zikagawana Mto Nile wote? Misri mita za ujazo bilioni 55.5 kwa mwaka, Sudan bilioni 18.5, na bilioni 10 zikaachiwa jua. Ethiopia, inakotoka sehemu kubwa sana ya maji hayo, haikualikwa. Wala nchi za Ziwa Victoria, ambazo wakati huo hazikuwa huru. Kabla ya hapo, mkataba wa 1929 kati ya Misri na Uingereza uliyafunga makoloni ya Afrika Mashariki: yasifanye jambo lolote la kupunguza maji ya Nile bila Misri kukubali. Lilipojengwa bwawa la Owen Falls, Jinja, lililofunguliwa 1954, Misri ilichangia fedha na ikaweka wahandisi wake pale pale wa kuangalia maji yanayotoka ziwani.

Tanganyika ikapata uhuru, na mwaka 1962 serikali yake ikaziandikia Uingereza, Misri na Sudan kwamba haitambui mkataba ambao wananchi wake hawakuulizwa. Uganda na Kenya zikafuata msimamo huo. Miongo kadhaa baadaye Tanzania ilivuta maji ya Ziwa Victoria hadi Kahama na Shinyanga bila kuomba ruhusa Cairo. Umoja wa nchi za bonde la Nile ulizinduliwa Dar es Salaam Februari 1999, na mkataba mpya uliotiwa saini Entebbe kuanzia 2010 ukaanza kutumika Oktoba 2024, bila Misri wala Sudan.

Je, wajua kwamba sangara wa Mwanza ana ndugu zake ndani ya Ziwa Nasser? Huko ni kwao. Ni samaki wa Nile tangu asili. Ni sisi tuliopelekewa, miaka ya 1950. Mamba nao wamo kwa wingi ziwani, lakini upande wa chini wa bwawa, mto unakoelekea Luxor na Cairo, hawaonekani tena.

Na samaki wa baharini wakapata hasara. Tope la mafuriko lilikuwa likiwalisha dagaa wa pwani ya Mediterania. Uvuvi wa dagaa wa Misri ulishuka kutoka karibu tani 18,000 mwaka 1962 hadi tani mia chache tu kabla muongo haujaisha. Tope hilo, zaidi ya tani milioni 100 kwa mwaka, sasa linatuama ndani ya ziwa. Mkulima wa Delta ananunua mbolea, na bahari inaila pwani ambayo mto ulikuwa ukiijaza.

Lakini haki itendeke. Miaka ya 1980 ukame ulipoua watu wengi Ethiopia na Sudan, Misri ilikula na kunywa akiba ya Aswan. Kufikia katikati ya 1988 maji yalishuka hadi karibu na kiwango ambacho mitambo ingezimwa, kisha mvua kubwa zikaja Agosti. Ukimwuliza Mmisri kama bwawa lilistahili, wengi watakutajia miaka hiyo. Mimi naona wana hoja nzito, ingawa bili ililipwa na Wanubi.

Je, wajua jengo la mawe ya rangi ya waridi juu ya kilima, ng'ambo ya magharibi ya mto, ni la nani? Ni kaburi la Aga Khan wa Tatu, yule ambaye Dar es Salaam ilimpima kwa almasi mwaka 1946. Alipenda kupitisha majira ya baridi Aswan. Mjukuu wake, Aga Khan wa Nne, aliyefariki Lisbon Februari 2025, naye amezikwa Aswan.

La mwisho ni la msafiri. Nenda kati ya Novemba na Februari. Kiangazi joto hupita nyuzi 40. Beba pasipoti na kofia. Ndege ndogo zisizo na rubani ni marufuku Misri, usijaribu. Ukienda bila kundi, patana bei ya mashua ya Philae kabla hujaketi ndani yake. Basi likikurudisha mjini mchana, usiende kulala hotelini: ingia Makumbusho ya Wanubi, yaliyofunguliwa 1997. Kwa bwawa lenyewe nusu siku inatosha. Kwa watu waliolipisha nafasi, tenga na hiyo nusu ya pili.